Nyasi za Mama Njoki

Mukurweini,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi hilo goti? Na usiniambie halijambo ilhali bado unajitwika mikungu ya ndizi mwenyewe hadi sokoni Taveta, nakujua. Mimi ni mzima, hata nimenenepa, maana baridi ya huku humfanya mtu ashinde jikoni. Kazi yangu ni ileile: kumtunza Shosho Wangechi (huku bibi kizee huitwa shosho), kukamua ng'ombe wake asubuhi, na kumsomea tangu mtoto wa jicho alipomvamia.

Mwaka huu kanisa lao limewaagiza waumini wasome Biblia nzima, kuanzia Mwanzo, bila kuruka. Shosho alinung'unika kwamba ni ndefu mno. Lakini akina mama wa chama chake huulizana wamefika wapi, naye hawezi kukubali kuachwa nyuma na mtu. Basi jioni nikishaosha vyombo namsomea, kwa Kiswahili, kwa sababu Kikuyu changu bado kinawachekesha hata kuku.

Jirani yetu ni Mama Njoki, mjane. Ana ng'ombe mmoja, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yanayomweka binti yake Njoki shuleni. Shida ni malisho. Kipande cha nyasi za nepia kule chini mtoni kilikuwa cha marehemu mumewe. Alipougua alimuuzia Shosho kwa bei ya haraka, na tangu hapo Shosho hakuruhusu mtu akate hata jani. Mama Njoki akawa anahangaika na majani ya kando ya barabara. Ng'ombe alikonda hadi dalali mmoja wa ng'ombe kutoka Gatitu akaanza kuja kumtazama.

Sasa, tukafika kwenye sheria za Musa. Nikasoma pale panapomkataza mtu kuvuna shamba lake hadi pembeni kabisa, ili maskini naye apate. Shosho akainua mkono.

"Ngoja. Rudia hapo." Nikarudia. "Wewe unasoma ama unaongeza yako?"

"Ninasoma, Shosho."

Asubuhi akaamuru mistari ya mwisho ya kahawa aachiwe Mama Njoki. Tukamwita. Akashukuru kwa adabu zote, kisha akasema, "Lakini Shosho, ng'ombe yangu haikulangi kahawa." Mama, nilikimbilia nyuma ya zizi nikacheka mpaka machozi! Shosho alinuna kutwa, lakini jioni akatoa ruhusa: mstari mmoja wa nepia, ule wa pembeni, kama ilivyoandikwa, na wa pili usiguswe.

Mstari mmoja hauchukui muda kuisha. Dalali akarudi, safari hii na kamba mkononi, na Mama Njoki akamwomba angoje hadi mwisho wa mwezi. Mimi nami nilikuwa nimechungulia kurasa za mbele nikaona kinachokuja: ule mwaka ambao kila mtu hurudishiwa ardhi ya ukoo wake. Nikaingiwa na hofu ya kufukuzwa kazi. Nilifikiria kabisa kugeuza kurasa mbili kwa pamoja, asingejua. Lakini nikajiuliza, nikianza kumchagulia Mungu maneno nitaishia wapi? Nikasoma yote, polepole. Shosho alipapasa fimbo yake akaenda kulala bila kunywa chai, na kama kawaida yake nikamsikia akigeukageuka kitandani usiku kucha.

Kulipokucha akaniambia nimshike mkono, tukateremka hadi mtoni. Akamwita Mama Njoki kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili.

"Hii nyasi ni yako. Si mstari moja, yote. Na shamba yenyewe, kesho tunaenda kwa chifu aandike."

Mama Njoki aliketi palepale kwenye umande, leso usoni. Nami nililia, kwa furaha tupu. Dalali alipokuja alimkuta ng'ombe anatafuna, akakaribishwa chai ya maziwa, akaenda zake na kamba yake.

Zamani nilisoma Biblia kama mtu anayemaliza zamu. Siku hizi nikiifungua naogopa kidogo, nisije nikatumwa mahali, na hofu hiyo naipenda.

Nisalimie Baba, umwambie aache kubishana na redio. Msalimie kaka Mwakio, fundi wetu wa mawe, na shangazi Mkamburi, ambaye najua bado anaimba kuliko kwaya nzima.

Shosho yuko hapa kando yangu, anaota moto. Nimemuuliza sasa hivi kama kweli hakuwa ameisikia sura ile ya kurudisha ardhi. Amesogeza kuni kwa fimbo yake, kisha akasema, "Niliijua. Mzee wangu alinisomea ile mwaka tulinunua hiyo shamba. Nikamwambia hayo maneno ya Musa isisomwe tena hapa kwangu." Nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake.

"Salimia mama yako," amesema. "Mwambie siku hizi ninalala."

Mwanao akupendaye,
Wakesho