Ukili wa Mashoto

Gerezani, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naiandika barua hii nikiwa nimekaa chini kama unavyopenda, na nakusikia ukiitikia marahaba halafu hapohapo unauliza nimekula nini. Nimekula, mama. Huku sote wazima. Mkweo Shabani kikohozi kimemwacha, anaisifia ile asali uliyotutumia kana kwamba nyuki ni wa kwao. Na wewe je? Goti linakuruhusu kuinuka, au bado unajishika ukutani huku unasema huumwi kitu? Mwanaidi akusomee polepole, na asiruke. Namjua mdogo wangu, akiona maandishi mengi anafupisha.

Ningepiga simu, lakini wewe ukisikia habari inarefuka unasema salio litaniishia, unakata. Sasa shangazi Mwajuma anakuja huko Kilwa kuwaona wajukuu, nikaona nimpe barua. Hii huwezi kuikata.

Kwanza, tumehama Buguruni. Kile chumba kimoja tulichokuwa tukipishana kwa zamu tumekiaga, tumepata chumba na sebule huku Gerezani, karibu na pale Shabani anapouza vipuri. Kelele za mafundi wa vyuma zipo tangu asubuhi, lakini sebule ni sebule. Ina ukuta mmoja mrefu, mweupe, kutoka mlangoni mpaka dirishani, hauna hata msumari. Siku ya kwanza nilikaa nikautazama tu. Sijawahi kuwa na ukuta wangu.

Vita vikaanza hapo. Mkweo alikwenda Kariakoo akarudi na macho yanang'aa. Ameona picha ya maporomoko ya maji, ina taa kwa nyuma, ukiichomeka kwenye umeme maji yanatembea na ndege wanalia. Nikamuuliza, "Na umeme ukikatika?" Akasema, "Basi maji yanapumzika." Tukacheka, lakini nikakataa. Nilizunguka mwenyewe maduka yale. Nikaona saa zenye umbo la moyo, maua ya plastiki, twiga wamesimama mbele ya jua jekundu, aya zilizoandikwa kwa dhahabu. Zile aya ni nzuri, mama, na moja tumeiweka juu ya mlango. Lakini kwa ule ukuta mrefu kila nilichokishika nilijiona kama niko nyumbani kwa mtu mwingine. Tukakubaliana kwamba hakipandi kitu mpaka kitupendeze wote wawili.

Shabani akasema tutundike mkeka wa harusi yetu. Nikatikisa kichwa. Unajua kwa nini. Mkeka ule umeshonwa kwa kili za kina mama wote wa ukoo, kila mmoja kaleta ukili wake, utepe aliousuka kwa mkono wake, isipokuwa wako. Nakumbuka walivyouweka ukili wako pembeni ya zao, msuko wake ukalalia kushoto na wa zao ukalalia kulia, wakasema ukishonwa hapo mkeka utaonekana umepinda. Wewe ukaenda kuchemsha rangi, kama kila shughuli. "Mtu wa mashoto kazi yake sufuria," ukasema, na wote wakacheka, nawe ukacheka nao. Mimi sikucheka.

Halafu ndiyo ile simu yako ya mwisho. Ukaniambia umeacha kusuka, watu siku hizi wanataka mikeka ya plastiki. "Kizuri chajiuza," ukasema, "changu kimebaki ndani." Na ule ukindu wa kusukia uliobaki darini utampa jirani awashie moto. Ulisema kwa utani, lakini nilipoweka simu chini niliumia sana, na sikuwa na la kukujibu.

Sasa jibu ninalo. Sikiliza.

Unajua kazi yangu pale dukani ni mapazia. Mteja akitaka, naenda kwake kupima madirisha. Juzi nikatumwa kwa Mama Hansa, mama wa Kihindi, mjane, mtu mzima kukupita wewe. Anakaa ghorofani juu ya duka la vyombo la mwanawe, hapo Kariakoo. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia na tepu yangu mkononi. Ukutani kulikuwa na vitu viwili tu. Kimoja ni picha ya marehemu mumewe, imevishwa shada la maua. Cha pili ni mkeka.

Mama, madirisha niliyasahau. Ulikuwa unalalia kushoto.

Nikajiambia watu wa mashoto ni wengi duniani. Nikasogea. Ni ule wa zambarau, wenye ua la pembe nne. Na kule mwisho, ukili wa pembeni, zambarau imekoma katikati na kijani kimeingia. Unaikumbuka siku ile? Rangi ilikuishia, duka limefungwa, ukamalizia kijani ukanuna mpaka magharibi, ukasema umeuharibu, hata mchuuzi hatauchukua. Aliuchukua. Mimi ndiye niliyekushikia kili ukizishona. Na sasa uko juu ya ukuta wa mtu, umepigiliwa msumari kila pembe, umefutwa vumbi, umetazamana na dirisha kama mwenye nyumba.

Mama Hansa akaniambia, "Binti, madirisha yako huku."

Nikamwambia, "Samahani mama. Huu mkeka uliutoa wapi?"

"Hapo sokoni, kwa wauza mikeka. Zamani sana. Mgongo ulikuwa unanisumbua, nikataka kitu cha kukalia chini. Nimefika nyumbani, nimeutandika, mguu ukakataa kuukanyaga."

"Kwa nini?"

Akakaa kwanza. Akasema, "Mama yangu alikuwa anachora maua mlangoni, siku za sikukuu, kwa unga wa rangi. Ya pembe nne kama hili. Wageni wanaingia, wanatoka, jioni yamefutika. Mimi mtoto nalia, mama ananiambia atachora mengine. Sasa mama hayupo, nani achore? Nilipouona huu nikasema, haya, ua hili halifutiki. Mwanangu alikasirika. Alisema mkeka ni wa chini, watu watatucheka. Nikamwambia ukuta wangu, macho yangu."

Nikajikaza, nikamwambia, "Mama, huu kasuka mama yangu mzazi."

Hakuniamini, na wala simlaumu. Nikamwonyesha. Nikamwambia mikeka yote utakayoiona sokoni inalalia kulia, huu pekee kushoto, kwa sababu mama yangu ni mtu wa mashoto. Nikamweleza kile kijani. Akavaa miwani, akausogelea mkeka mpaka pua inakaribia kuugusa. Akaufuata ule ukili wa pembeni kwa kidole mpaka mwisho.

"Kila siku nakunywa chai mbele yake," akasema. "Sikuwahi kuona hilo. Anaitwa nani mama yako?"

Nikamwambia, Somoe. Akalirudia jina lako huku ameuelekea mkeka, taratibu, kama mtu anayejifunza kumwamkia mkwe. Nilikuwa nimezoea kukuona ukisuka barazani, miguu umeinyoosha, kuku wanapita juu ya ukindu. Sikujua kwamba kazi ile ikitoka pale inakwenda kukaa mahali pa heshima namna hii, na mtu asiyekujua anaitegemea imkumbushe mama yake.

Kisha akaanza kuung'oa. Mama, akaita mwanawe alete nyundo. "Chukua," akaniambia. "Ni mkono wa mama yako, kaa nao."

Nilitamani, sitakuficha. Niliuona tayari kwenye ukuta wangu. Lakini nikautazama ule ukuta wake, nikafikiri asubuhi atakaa na chai yake atazame nini. Nikamzuia mkono. Nikamwambia, "Baki nao, mama. Mimi mkono wenyewe ninao."

Akanibusu paji la uso. Nikapima madirisha, nikakosea mara mbili, nikashuka. Kwenye ngazi ndipo nilipojiuliza, ninao kweli? Maana mkono wenyewe umesema umeacha.

Kwa hiyo naomba kitu, na naomba kama mwanao wa kwanza, usinijibu kwa utani. Usimpe jirani ukindu. Nisukie ukili mmoja. Sitaki mkeka, nataka ukili mtupu, usioshonwa na chochote. Najua utasema ukili peke yake si kitu, ni kazi iliyoachwa njiani. Kwangu utapita ukuta wote kutoka mlangoni mpaka dirishani, peke yake, na hakuna atakayesema umepinda kwa sababu hapatakuwa na mwingine wa kuulinganisha nao. Nilipomweleza Shabani hakutaja tena maporomoko. Alikwenda dukani kwake akaleta misumari mizuri, ya shaba.

Nisalimie wote. Babu mwenye duka la pale njiani, mwambie tumbaku yake nitamletea mwenyewe. Mama mkubwa, aliyesimamia ushonaji wa mkeka wangu wa harusi, msalimie kwa heshima zote na asomewe barua hii, hasa pale pa Mama Hansa. Mwanaidi nimemwekea kitenge kwa shangazi, ni malipo ya kutoruka mistari. Mama Hansa naye anakusalimu sana. Nilimtajia goti lako, akasema nikuambie pole, hata lake linauma.

Ndani ya bahasha utakuta uzi mweupe umekunjwa. Tafadhali asiutupe mtu, ndio urefu wa ukuta wetu. Ukiunyoosha barazani utaona unapofika, na hapo ndipo ukili uishie. Rangi chagua mwenyewe. Na ikikuishia katikati, mama, malizia na yoyote iliyopo, usinune.

Ila uanzie kushoto.

Mwanao akupendaye na anayekungoja,
Zuhura