Nafasi Ipo, Faili Zimejaa

Jumamosi, Keumbu. Mvua tangu saa nane, na moyo mzito tangu asubuhi.

Majirani wako kanisani. Mashine ya kusaga ya hapa nje imenyamaza, maana mwenyewe ni Msabato. Kwa kawaida hii ndiyo siku yangu ya kurekodi, lakini leo mvua inapiga mabati utadhani imetumwa. Nimeamua kupakia tu mtandaoni faili nilizorekodi wiki hii.

Zimekataa.

Nimekuwa nikimrekodia binti yangu Moraa maneno ya Ekegusii. Neno moja, faili moja, ili abonyeze asikie: maji, jiko, shangazi, njoo. Nilipoachana na mama yake walihamia Mombasa, naye akiwa mdogo, na lugha yetu ikamtoka. Mimi nikabaki na nyumba isiyo na wa kuzungumza naye. Basi naongea na simu, neno moja moja, kama mtu aliyerukwa na akili.

Nikawapigia wenye hifadhi ya mtandaoni ninayoilipia kila mwezi. Nikawaambia sijatumia hata robo ya nafasi.

"Nafasi uko nayo, boss. Ni idadi ya faili imejaa. Ukitaka kuweka moja, toa moja."

"Na mbona hamkusema?"

"Iko kwa masharti. Chini kabisa."

Nilikasirika, halafu nikakosa hata wa kumlalamikia. Nikamwandikia Moraa kwamba maneno yamefika mwisho. Sikutarajia jibu. Huwa hajibu jumbe zangu, na sijawahi kujua kama maneno hayo anayasikiliza. Hilo limeniuma kuliko mambo ya hifadhi.

Jioni hii simu imelia: ujumbe wa sauti kutoka kwa Moraa. Sauti yake, neno moja.

"Tata."

Kwetu tata ni baba. Neno "baba" kwa Ekegusii ni mama. Miaka hii yote, mara chache tunapoongea, ameniita Baba, nami nimeitika tu bila kumsahihisha, nikiogopa atachoka na mimi.

Kumbe anasikiliza.

Nimelia, sitaficha. Kisha nimefungua hifadhi nikatafuta "tata" niliyorekodi mwenyewe, sauti yangu kavu ikijiita katika nyumba tupu. Nimeifuta. Yake imeingia mara moja.

Kesho nitampigia. Natumaini atapokea.