Ukuta wa Mwokaji

Dada yangu,

Shikamoo. Heshima hiyo nakupa kwa kuwa umenizidi umri. Akili tutapimana siku nyingine. Mama hajambo? Magoti yanamruhusu kutembea? Mimi sijambo kiasi. Mwandiko usiucheke kwanza, sababu yake inakuja.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako, aliyetolewa darasani kwa ubishi, sasa ni bingwa wa joto. Karakanani kwetu tunayeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria, kwa hiyo joto nalijua nyendo zake zote tatu. Kuna la jirani: chuma humpa anayekigusa, naye humpa wa pili, kama umbea unavyopita barazani. Kuna la mchukuzi: maji ya chini yakipata moto hupanda nao juu, ya baridi yakashuka kushika zamu. Na kuna la jua: ukisimama mbele ya tanuru uso unababuka na hujagusa kitu. Vitabu vyako vina majina marefu, lakini mambo ni hayo hayo.

Fundi wetu ananiita Profesa. Ni kejeli, ila nimeipokea. Juzi alinionya upawa wa kumiminia nisiushike ila kwa kitambaa kikavu. Nikamjibu kwamba hata mtoto anajua maji hupoza. Nikakilowesha changu, nikaushika mbele ya wenzangu ili wapate elimu. Kumbe kitambaa kikavu kimejaa hewa, na hewa ni bahili wa kupitisha joto. Maji hayana siri. Yaliupokea moto na kunikabidhi wote. Fundi hakucheka. Alisema tu kwamba Profesa ameungua, waniletee maji safi.

Basi, Dada, hii ni kazi ya mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa, na nimeambiwa nikae nyumbani mpaka upone. Wenzangu walikuja mara moja, wakanitania, wakaenda zao.

Chumba changu kimeshikana na cha mwokaji mikate. Tanuri lake liko nyuma ya kitanda changu, tumetenganishwa na ukuta tu. Kila jioni naegemeza mgongo pale, matofali yanapokezana joto taratibu mpaka linanifikia, nami najidanganya kuna mtu amekaa nyuma yangu. Huyo mwokaji hata sura yake siijui, lakini nimezoea kumuaga kabla ya kulala. Usimwambie mtu.

Leo hakuwasha. Nimeegemea mpaka nimechoka, ukuta ni baridi tu. Ndipo nikatafuta kalamu.

Sisemi uje, mimi ni mwanamume. Nasema tu kwamba mkeka upo, na bandeji kwa mkono mmoja naifunga vibaya mno.

Mama mwambie nimenenepa. Shemeji msalimu, mwambie kukoroma kwake nako nakukumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo, kama ulivyonibatiza