Kahawa Yenye Ukungu

Ihanda, Karagwe
14 Mei 2023

Mwanangu Vero,

Sisi hatujambo, na goti la mama yako limepungua kuuma. Huko Bukoba unaendeleaje?

Kampuni yenu imenunua kiwanda cha kukoboa kahawa cha Ambrose pale Nyabiyonza, ikakifunga kwa kufuli. Kilikuwa cha mwisho ambacho si chao. Kwenye mkutano diwani alisema ni maendeleo. Nikasimama nikamuuliza: mnunuzi akibaki mmoja, siku akikukataa unampelekea nani? Watu walipiga makofi. Diwani aliandika jina langu.

Baba yako,
Gideon Kaijage

Bukoba
2 Juni 2023

Tata, shikamoo.

Mimi mzima, nashukuru kwa habari za mama. Usinipigie simu kuhusu mambo haya, simu ninayotumia ni ya kampuni. Barua mpe Ramadhani wa duka la Kayanga, huja huku kila wiki kufuata mzigo.

Bosi wetu, Winston, aliniuliza kama Kaijage wa Ihanda ni ndugu yangu. Nilisema majina yanafanana tu. Nisamehe. Nakuomba unyamaze, msimu upite.

Binti yako,
Vero

Ihanda
20 Agosti 2023

Vero,

Hatujambo. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaificha mama yako asiione.

Kahawa yangu imekataliwa. Ambrose, ambaye sasa ni mlinzi wa geti lao, alinisomea karatasi bila kunitazama: sampuli imeonjwa Bukoba, ina ukungu. Mimi ninayeanika kwenye mikeka na kugeuza mwenyewe. Nikapakia magunia kwenye bodaboda hadi Kyerwa, kwa yule mnunuzi wa zamani. Naye sasa ni wakala wao, na jina langu alikuwa nalo. Redio iliyotaka kunihoji imeahirisha. Matangazo yake yote ni ya kampuni. Waliopiga makofi siku hizi wanazunguka nyuma ya kibanja, kwenye migomba, wasikutane nami. Mwenyekiti wa kijiji anataka niandike barua ya kuiomba kampuni radhi.

Wewe ndiye unayeonja. Uliiona?

Baba yako

Bukoba
3 Oktoba 2023

Tata, shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki sita.

Niliiona. Sampuli huja na namba tu, lakini yako ilikuja na jina. Ilikuwa safi kuliko zote za siku ile. Winston alisimama nyuma yangu akasema, "Andika ukungu." Nikaandika, nikasaini. Baadaye nilikwenda kwa afisa wa serikali anayetukagua. Nikaambiwa ameacha kazi, siku hizi yuko kwetu, ghorofa ya juu.

Nimekutolea nakala ya fomu, na alama za kweli nimeziandika pembeni kwa mkono wangu. Ipeleke popote. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Vero

Bukoba
19 Novemba 2023

Tata, shikamoo. Hujajibu. Ramadhani anasema alikukabidhi mkononi. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Vero

Ihanda
10 Desemba 2023

Vero,

Mama yako anakusalimu.

Karatasi yako niliipeleka kwa mwenyekiti. Aliisoma yote, akaweka kidole chini kabisa, akauliza, "Huyu aliyesaini ni nani kwako?" Kalamu alikuwa nayo mkononi. Nikaelewa kwamba anayetafutwa sasa ni wewe. Nilimwambia simjui, nikaichukua, nikaja kuichoma jikoni.

Jumatatu nilikwenda kuomba radhi. Maneno walikuwa wameshayachapa: kwamba nilipeleka kahawa yenye ukungu huku nikijua, na kwamba nilichosema mkutanoni kilikuwa uchochezi. Nikatia sahihi. Alasiri wakaipokea kahawa ileile, kwa bei ya mbovu.

Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Uongo ni ule mmoja, na sasa una sahihi zetu zote mbili.

Krismasi njoo. Habari hizi tusizizungumze mbele ya mama yako.

Baba yako