Jina ya Muzee wa Ndoto

Siku ya tano tangu nizae, usiku

Exaucé tena! Bwana yangu anataka mutoto wetu aitwe vile, na hapa mu mutaa wetu, commune ya Kenya, ukiita Exaucé moja, avenue muzima, nyumba kwa nyumba, inaitika.

Miye mimba ikiwa kubwa niliota muzee wa kofia nyeupe, anatembea juu ya maji polepole, kama moshi. Akasema, «Niko Feruzi.» Sikuambia mutu. Nilizani ni homa tu, ao…

Leo nikamwelezea mama mukwe. Kumbe Feruzi ni jina ya baba yake, alikuja nayo toka Kasongo. Tangu akufe, hakuna mutoto aliipewa.

Niliogopa atasema ninadanganya. Akabeba mutoto, akamunongoneza: «Papa, ulikawia wapi?»