Faini Isiyomuuma Mtu

Alkhamisi. Mvua imeacha tangu alfajiri, jua kali, na uchochoro wetu bado una maji. Nimeamka na hasira na sitaki kuipoza.

Kwa msiokaa Mji Mkongwe: nyumba ya mama yangu ni ya mawe na chokaa. Ukuta wa namna hii unavumilia mvua, kwa sababu mvua hupita na ukuta ukakauka. Hauvumilii maji ya kila siku. Jirani yetu, Bwana Nassor, ana nyumba ya wageni, na maji ya kufulia mashuka anayamwaga uchochoroni. Yanatuama chini ya chumba cha mama. Chokaa imelainika mpaka ukiigusa inabaki kidoleni.

Nilikwenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu, kama tunavyofanya sote kabla ya kufika mbali. Sheha akamwita, akamuonya, mwisho akampeleka baraza la mji, akatozwa faini. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Wapi.

Faini yenyewe iliwekwa zamani, wakati fedha ile ikimlisha mtu na watoto wake. Leo hununui nayo bakuli la urojo ukashiba. Kuchimba shimo la maji machafu ni gharama kubwa, na Bwana Nassor hesabu anaijua. Anamwaga, anatozwa, analipa, anamwaga tena.

Jana kanitoa pumzi. Kapeleka faini ya mara hii kwa sheha, kisha kaongeza fedha nyengine juu ya meza, kasema kwa adabu zake zote, "Na hii ya mwezi ujao, sheha, nsije nkasumbuliwa nikiwa na wageni." Sheha mwenyewe kanihadithia, hajui acheke au alie. Zile za juu kamrejeshea.

Mtu analipia kosa kabla hajalifanya, kama anayelipia umeme.

Tena si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ramadhani hatukosi sinia la futari kutoka kwake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa mbele ya jeneza.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa kuna mkutano wa baraza la mji wa kuchukua maoni: faini za makosa madogo zipandishwe ziende na bei za sokoni, au zibaki hivi hivi? Nimejiandikisha kusema. Mimi, ninayetetemeka hata nikiambiwa niseme mawili matatu kwenye harusi.

Nilidhani jambo ni jepesi mpaka ndugu yangu Othman aliponipigia simu. Othman anauza machungwa kwa mkokoteni huko Mlandege, na hukamatwa kwa kuziba njia. "Dada," kasema, "hiyo faini ikipanda itamuuma Nassor, au itaniuma mimi?"

Kasema kweli. Hata hii ya leo, wanayoichekea wengine, yeye akitozwa siku ile anarudi kwake mikono mitupu, na watoto wanamtazama.

Nimeshinda kwenye cherehani nikishona na kufumua. Nguo ya watu nimeiharibu mkono. Lakini nimepata la kusema. Faini ipande, na iwe inatazamwa kila bei zikipanda, si kungojewa mpaka zama za wajukuu. Ila mwenye nyumba ya wageni asilipe sawa na mwenye mkokoteni. Kila mmoja aumie kwa kiasi cha mfuko wake. Wakiniambia haiwezekani, nitakaa chini, kisha nitanyoosha mkono tena.

Mama kanisihi nisimtaje jirani kwa jina. Nimemkubalia. Bwana Nassor mwenyewe atakuwepo, atajijua.

Leo baada ya alasiri mimi na Othman tumekitoa kitanda cha mama, tumekiweka ukumbini. Plasta ilianguka juu ya mto, bahati yake alikuwa anatia udhu. Hakulalamika. Alikaa kwenye kitanda chake pale panapopita watu, akavuta kanga, akauliza, "Nitarudi lini chumbani kwangu?"

Othman akenda kufagia plasta. Mimi nikajidai natafuta shuka.

Kesho wakinipa nafasi, habari ya bei nitaileta baadaye. Kwanza nitawauliza hao wa baraza suali la mama, na sitakaa chini mpaka mmoja wao anijibu.