Kunde Zako na Julai Isiyo na Baridi

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Julai imepita hapa Kabati na sikutoa blanketi zito hata siku moja. Ungekuwa hai, najua ungeanza kuhangaika mapema kuliko mimi.

Unakumbuka nikiwa mdogo nilivyolia kwa ile baridi ya asubuhi, manyunyu yakitulowesha tukienda kukama mbuzi? Ulinifunga leso yako mabegani ukasema, "Nyamaza, mama. Baridi hii inatulindia kunde." Nilidhani unanibembeleza tu.

Juzi nilifungua mtungi wa mbegu, zile kunde nyekundu ulizokuja nazo kutoka Nunguni ulipoolewa. Nilikuwa nimezichanganya na jivu vile ulivyonifunza. Nilipoingiza mkono, zilikuwa nyepesi. Fukusi walikuwa wametoboa karibu zote. Niliketi chini palepale.

Nilimwita afisa wa kilimo, msichana mpole. Akapasua punje moja, akanionyesha funza ndani.

"Kukiwa baridi, huyu hukawia kukua," akaniambia. "Joto likipanda, yai linakuwa fukusi upesi. Akishakomaa haishi sana, lakini anataga haraka, na watoto wake nao wanataga kabla hujapanda."

"Si joto linawaua? Mama alikuwa anaanika kunde juani."

"Jua kali la kuanika linawaua, ndiyo. Hili la ndani ya nyumba ndilo wanalolipenda."

Nilichambua zilizobaki nzima, hazikujaza hata kikombe. Nikazitia kwenye chupa, nikakaza kifuniko, nikampelekea mdogo wako kule Nunguni, kwa sababu ni milimani. Mama mdogo alinipokea bila sweta.

"Nitazitunza," akasema, "lakini hata huku baridi si ile tuliyokua nayo."

Tangu siku hiyo akinipigia simu, naacha kila kitu nikaipokee. Jana alipiga, nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Kuna fukusi mmoja amekufa ndani ya chupa, chini kabisa. Kunde zenyewe naona ni nzima."

Anaona. Lakini yai la fukusi hushikamana na ganda la punje, dogo mno kwa macho ya mzee. Hakuna mbegu nyingine kama hiyo, Mwaitu, na mvua bado iko mbali.

Kesho naenda. Nitazipanda hukohuko, nyuma ya jikoni lake, nizimwagilie kwa kopo. Zisipoota, angalau nitajua zimekwisha. Kungoja ndiko siwezi tena.

Pumzika wewe.

Binti yako, Mutheu